Roketi nzito haigeuki? Zima injini ya upande mmoja

Wadau wa Dar mnaocheza Spaceflight Simulator, gemu la kuunda na kurusha roketi, kwenye simu, hii itawasaidia. Ukishaunganisha matangi mengi, nguvu ya kugeuza iliyo kwenye kapsuli (chumba cha rubani) haitoshi. Unabonyeza mshale, roketi inajivuta tu. Basi achana na mshale, gusa injini yenyewe. Ukiigusa inazimika, ukiigusa tena inawaka.

Kanuni ni moja: pua inaelekea upande wa injini iliyozimwa. Zima ya kulia, roketi inakata kulia, sawa na mtumbwi pale Feri ukipigiwa kasia upande wa kushoto tu.

Weka injini hizo mbali na mstari wa katikati, maana zikikaribiana sana hazigeuzi kitu. Kabla ya kugusa, shusha gesi ibaki kidogo tu, ila isifike sifuri. Na usisubiri pua ifike unapotaka: angani hakuna upepo wa kuizuia, itapitiliza. Washa tena injini uliyoizima mapema, kisha zima ya upande wa pili kidogo ili mzunguko ufe. Hapo ndipo wengi wanapokwama.

Angalia na mafuta. Kama kila injini ina tangi lake, moja litabaki zito na roketi itaanza kuvuta upande.

Si ujanja wa gemu tu. N1, roketi ya mwezini ya Wasovieti, ilikuwa na injini 30 chini, na ilielekezwa kwa kupishanisha nguvu za injini za pembeni.