Kabla ya Kusoma Mfuatano wa RNA Ndogo za Bakteria: Mambo ya Kuzingatia

Anayejiandaa kusoma mfuatano wa RNA ndogo za bakteria (molekuli fupi ambazo nyingi hudhibiti kazi za jeni) katika maabara ya hapa Dodoma aanze na suala la urefu. Nyingi kati ya molekuli hizo zina nyukleotidi 50 hadi 300, ilhali baadhi ya vichujio vya silika tunavyovitumia kila siku kusafishia RNA huziachia zilizo chini ya 200 zipite na kumwagwa. Niliwahi kupoteza kazi ya wiki nzima kwa njia hiyo: vipimo vya usafi vilipendeza na kwenye jeli michirizi ya 23S na 16S, yaani RNA kubwa za ribosomu, iling'aa, lakini chini kabisa, mahali pa RNA fupi kama 5S na tRNA, palikuwa patupu. Tangu hapo hutumia fenoli na kuigandisha RNA kwa ethanoli, na sehemu hiyo ya chini ya jeli ndiyo huitazama kwanza.

Hali ya kuoteshea nayo iamuliwe mapema, kwa kuwa RNA hizi hujitokeza kwa sababu maalumu. RyhB, RNA ndogo ya bakteria Escherichia coli, kwa mfano, huongezeka chuma kinapoadimika. Ethanoli yenye fenoli asilimia 5, ya kusimamisha kazi za seli, iwe tayari, ikiwa baridi, kabla chupa haijatolewa kwenye kitikisio, maana RNA nyingi za bakteria huvunjika ndani ya dakika chache.

Jambo linalosahaulika zaidi ni ncha ya 5', yaani mwanzo wa molekuli ya RNA. RNA ambayo haijakatwa hubeba fosfati tatu, na adapta (kipande kifupi kinachounganishwa ili mashine iweze kuisoma) haiungani nayo mpaka kimeng'enya kama RppH kiibakize na fosfati moja. Ukiruka hatua hiyo, utasoma zaidi mabaki ya RNA zilizokatwa. DNA iondolewe kabla ya hapo, na maktaba (mkusanyiko wa vipande vilivyoandaliwa kusomwa) ihifadhi taarifa ya uzi wa DNA ambao kila RNA imetoka, vinginevyo RNA zinazotoka upande wa pili wa jeni hazitatambulika.

Kuhusu umeme, hakikisha jenereta ina mafuta. Sampuli inayosafirishwa hadi Dar es Salaam ni salama zaidi ikiwa bado imo ndani ya ethanoli, kwenye barafu kavu, kuliko ikiwa imeyeyushwa kwenye maji. Marudio ya jaribio yasipungue matatu, yakioteshwa kila moja peke yake, na sehemu ya RNA ibaki kwenye jokofu la nyuzi -80 ili kila RNA mpya itakayoonekana kwenye kompyuta ithibitishwe kwa northern blot, kipimo cha jeli kinachoonyesha RNA mahususi na ukubwa wake.