Mtoto mchanga wodini: nani umpe, nani umnyime

Mwizi wa mtoto hospitalini mara nyingi hapokonyi. Huja kwa upole, kavaa kama muuguzi: "Lete nikampime uzito, mama." Mzazi kajifungua usiku, usingizi umemlemea, anampa. Mlango wa kufungwa kwanza ni huo.

Mtoto avishwe bendi za utambulisho kabla hajatenganishwa na mamake: moja mkononi, moja mguuni, na ya tatu ya mama, zote zenye nambari ile ile. Someni nambari hizo wenyewe. Ibaki nafasi ya kidole kimoja tu, kwa kuwa siku za kwanza mtoto hupungua, pengine hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na bendi iliyolegea huchomoka. Penye kutumika plasta, wino usiwe wa kufutika, na ikilowa wakati wa kuogeshwa ibadilishwe papo hapo. "Mtoto wa Fatuma" haitoshi. Mombasa wodi moja huweza kuwa na Fatuma watatu. Yaandikwe majina matatu na nambari ya mgonjwa.

Anayemtaka mtoto aonyeshe beji yenye picha, aseme anampeleka wapi na kwa nini. Beji hughushiwa, kwa hivyo muulize na sista wa zamu unayemjua. Kisha fuatana naye. Kama umepasuliwa, aende dada au shangazi. Asiyekubali kufuatwa, mtoto hapewi, hata akikasirika. Hakuna adabu inayovunjwa hapo.

Ukienda msalani, usimwachie jirani wa kitanda mliyejuana leo. Wageni waingie wawili wawili; wakija kumi kwa pamoja, wa kumi na moja hakuna atakayemuuliza ni wa nani.

Akikosekana, piga kelele saa hiyo hiyo, usizunguke kumtafuta peke yako. Askari wafunge mageti yote, na kila mkoba na kila furushi la leso lifunguliwe, hata la mfanyakazi. Vyoo, ngazi na chumba cha kufulia vipekuliwe. Pigeni 999 au 112, mtaje nguo za anayeshukiwa na rangi ya leso ya mtoto. Njia za kutoka kisiwa cha Mombasa ni chache, kama feri ya Likoni, daraja la Nyali na la Makupa, na polisi wakiarifiwa mapema wanaweza kuziwahi.

Siku ya kuruhusiwa, bendi zilinganishwe kitandani, kisha tena getini pamoja na karatasi ya ruhusa. Msizikate kabla ya kufika nyumbani.