Maswali ya kubeba ukipeleka mtoto chanjo

Kwetu Kisauni kliniki naenda mimi, kwa sababu mama watoto alfajiri yuko soko la Kongowea. Hivyo baba mwenzangu, nawe dada uliyejifungua majuzi, uliza haya.

La kwanza, kabla hujapanda matatu: "Chanjo ya kifua kikuu mwafungua siku gani?" Chupa moja ya BCG, ndiyo hiyo ya kifua kikuu, hutosha watoto wengi, na ikishafunguliwa hailali, muda wa saa sita ukipita humwagwa. Ya surua na rubela ni vivyo hivyo. Ndiyo maana zahanati nyingine hungoja watoto wakusanyike.

Ratiba ni hii: akizaliwa, BCG na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14, matone na sindano za mapaja. Miezi 9 na 18, surua na rubela. Hospitali ya serikali chanjo hizi ni bure. Ukiitishwa pesa, uliza ni za nini.

Swali linalowakera wengi ni hili: sindano mbili, tatu kwa siku moja, mtoto si atazidiwa? Hazidiwi. Kutia vidole mdomoni tu kwamkutanisha na vijidudu wengi kuliko hizo chanjo. Ukizitawanya, waongeza siku za kukaa bila kinga, na kifaduro, kimojawapo cha magonjwa yanayozuiwa na sindano hizo, huua zaidi wale wachanga kabisa. Mimi hapo sibishani na mtu.

Mafua madogo yasikurudishe nyumbani. Lakini kama sindano iliyopita ilimletea degedege, au alivimba uso akapumua kwa shida, mwambie muuguzi kabla hajashika sindano.

Usiku huenda akachemka, paja likawa gumu. Nyonyesheni, mpunguzieni nguo. Dawa ya homa ulizeni kipimo cha uzito wake. Mama mkwe atakuja na mafuta ya kukandia. Sema kwa adabu: "Mama, tumeambiwa tusiliguse." Kipele cha BCG hutokea mkononi wiki kadhaa baadaye, hutunga usaha, hukauka chenyewe. Msikikamue. Homa ya chanjo ya surua nayo hukawia, huja kama wiki moja baadaye, sindano imeshasahaulika. Degedege au kupumua kwa shida, hospitali saa hiyo hiyo.

Na mkikosa tarehe kwa safari ya Lamu au msiba, nendeni tu. Hawaanzi upya, huendelea walipoachia. Mtafokewa kidogo, vumilieni, kisha hakikisheni tarehe ya kurudi imeandikwa kitabuni kabla hamjatoka.