Kitabu cha parokia kikikosekana, tafuta nakala ya askofu

Ukifuatilia ukoo wa babu Mwingereza, usajili wa serikali utakufikisha Julai 1837 tu. Nyuma ya hapo tegemeo ni vitabu vya ubatizo, ndoa na maziko, vilivyoamriwa kuwekwa katika kila parokia mwaka 1538. Vingi vya mwanzo vimepotea au kuharibiwa na unyevu. Ila kuanzia 1598 parokia zilitakiwa kumpelekea askofu nakala kila mwaka, na zilizosalia mara nyingi ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Hata kitabu kikiwapo, linganisha vyote viwili: mnakili aliweza kuruka jina, au kuongeza jambo ambalo kitabuni halimo.

Tarehe nazo zina mtego. Hadi 1751 mwaka wa Uingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1720 ya kitabuni ni Februari 1721 kwa hesabu yetu. Ukikuta wazazi wameoana Mei 1720 na mtoto kabatizwa Februari 1720, usiharakishe kuwasema vibaya! Na hiyo ni tarehe ya ubatizo, si ya kuzaliwa. Wapo waliobatizwa wakiwa watu wazima.