Fomu ya kazi ikikuuliza unataka mshahara kiasi gani

Wadogo zangu mlomaliza Form Four na mnazunguka na bahasha huko Nyali na Bamburi, Mombasa, ile sehemu ya "mshahara unaotarajia" msiiache wazi na msiandike "yoyote tu", maana ukiandika yoyote utapewa yoyote kweli.

Kwanza jua kima cha chini cha serikali. Mombasa iko kwa daraja la juu pamoja na Nairobi na Kisumu, na Novemba 2024 kibarua wa kawaida aliwekewa shilingi 16,113 na senti kwa mwezi, hapo pesa ya nyumba haijaingia. Halafu piga hesabu ya nauli. Kama watoka Likoni feri ni bure kwa mwenye kwenda kwa miguu lakini matatu za ng'ambo asubuhi na jioni siku ishirini na sita, hiyo si pesa ndogo jamani. Uliza pia kama chakula cha mchana kipo.

Mimi ningeandika "16,500 hadi 19,000, tunaweza kuzungumza". Wakikuuliza mbona hiyo, waambie hesabu yako kwa adabu, usitetemeke.