Jinsi ya kumweleza mgonjwa namna mchochota unavyoweza kulisha saratani

Anayetoa elimu ya afya kwa Kiswahili hapa Uganda, iwe Arua, Kasese au miongoni mwa wakimbizi waliotoka Kongo, hukutana na kikwazo kabla hajafika mbali: neno uvimbe hutumika kwa jipu, kwa mguu ulioteguka na kwa saratani. Anza basi kwa kutenganisha maneno. Sema mchochota unapotaja wekundu, joto, maumivu na kuvimba kunakotokea mwili unapopambana na jeraha au vijidudu. Sema saratani unapotaja seli zinazogawanyika bila kutii mipaka. Usipofanya hivyo, mwenye jipu ataondoka akiamini kwamba siku zake zimehesabika, na mwenye saratani ataondoka akisubiri iive na itumbuke.

Kisha mwombe akuonyeshe kovu. Karibu kila mtu aliyelima analo, la panga au la jembe, na kovu lake mwenyewe litamfundisha kuliko picha yoyote ya ukutani. Mkumbushe jinsi damu ilivyoganda, pakavimba, pakawa pa moto, pengine pakatoa usaha, ndipo nyama mpya nyekundu ikapanda kutoka chini. Mweleze kwamba chembe nyeupe za damu ndizo zilizofika kwanza kuua vijidudu, na kwamba baadhi yake, ziitwazo makrofaji, zilizoa seli zilizokufa kisha zikatoa ishara za kuita mishipa mipya ya damu na kuamuru seli za jirani zigawanyike ili kuziba pengo. Ishara hizo ni protini ndogo, na nyingi kati yake huitwa saitokini. Pengo lilipozibwa, ishara zilinyamaza. Kaa hapo kidogo, kwa sababu kunyamaza huko ndiko kiini cha somo lote.

Sasa mtajie kidonda ndugu, ambacho hakuna asiyekifahamu. Hapo ishara hazinyamazi: seli huamriwa kugawanyika mwaka baada ya mwaka, huku kemikali zinazomwagwa na chembe nyeupe ili kuua vijidudu zikiharibu pia DNA, yaani maelekezo ya urithi, ya seli za mwili wenyewe, na seli iliyoharibika ikiendelea kugawanyika hurithisha kasoro yake. Vidonda vichache vya namna hii hugeuka saratani ya ngozi baada ya miaka mingi. Ukingo huinuka, huwa mgumu na huvuja damu ukiguswa. Rudolf Virchow wa Ujerumani aliona chembe nyeupe ndani ya saratani tangu 1863, na mwaka 1986 Mmarekani Harold Dvorak aliilinganisha saratani na jeraha lisilopona. Mwenye kujua kidonda ndugu ameshaielewa hoja hiyo.

Kutoka ngozini, mpeleke kwenye ini. Katika homa ya ini aina ya B, madhara mengi hayaletwi na kirusi chenyewe bali na seli T, aina ya chembe nyeupe za damu, zinazoshambulia seli za ini zilizoambukizwa: seli hufa, nyingine huzaliwa, makovu hujengeka, na saratani hupata nafasi. Usimfiche, hata hivyo, kwamba kirusi hiki huweza kujipachika katika DNA ya seli, hivyo saratani hutokea wakati mwingine hata ini lisipokuwa na makovu makubwa.

Hapa utaulizwa swali zuri: ikiwa kinga ni kali hivyo, mbona haiimalizi saratani? Jibu kwamba huiua mara nyingi, ila seli zinazosalia ni zile zilizopata njia ya kuikwepa. Huwageuza makrofaji wawe watumishi wa kuziletea damu na chakula, huvuta seli za kinga zenye kazi ya kutuliza wenzake, na baadhi huvaa protini inayokanyaga breki iliyomo kwenye seli T. Kwa kugundua tiba ya kuachia breki za namna hiyo, James Allison na Tasuku Honjo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Mfano wa karibu zaidi ni saratani ya Kaposi, ambayo hushamiri kinga inaposhushwa na VVU na mara nyingi hunywea mgonjwa anapoanza dawa za kufubaza virusi.

Kwa sababu hiyo nakusihi usitumie kauli ya kuongeza kinga, ambayo wauza mitishamba wameizoea. Kinga hiyo hiyo huua saratani na huilisha. La kuuliza ni imepewa ishara gani. Wala usimshauri mtu ameze aspirini kila siku kwa kusikia kwamba inapunguza mchochota, kwani huweza kumtoboa tumbo.

Maliza kwa mambo ya kufanya. Apime homa ya ini B. Asiye nayo wala kinga dhidi yake achanjwe, na aliye nayo afuatiliwe, kwa kuwa dawa kama tenofovir huzuia kirusi na kupunguza mchochota. Watoto wachanjwe kwa ratiba. Kidonda kisichopona kwa miezi kikatwe kipande ukingoni kikapimwe, na umhakikishie kwamba kipimo hicho hakisambazi ugonjwa. Akitumwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, mwandikie katika barua kidonda kilianza lini, kilitibiwa kwa dawa gani na ukingo wake ulibadilika lini.