Kabla ya kuingia wodini, andaa masikio

Vijana waliochaguliwa kusoma utabibu huniuliza wanunue nini kabla chuo hakijafunguliwa. Koti? Stetoskopu? Mashine ya presha? Huwaambia vifaa vitapatikana. Kinachowakwamisha wengi siku za mwanzo za mazoezi ya vitendo ni lugha. Mgonjwa ana yake, daftari lina yake, na wewe umesimama katikati na kalamu mkononi.

Nianze na ya mgonjwa, maana ndiyo inayodharauliwa. Nikiwa mwanafunzi katika kituo kimoja cha afya, mama wa makamo aliniambia, "Mwanangu, moyo unachafuka tangu jana." Nikaandika: tatizo la moyo. Nikamsikiliza kifua dakika nzima. Muuguzi wa zamu aliposoma daftari akamgeukia: "Mama, unasikia kutapika?" Akajibu, "Ndiyo, tena sana." Moyo kuchafuka ni kichefuchefu. Neno hilo nimelisikia nyumbani tangu utotoni, lakini siku ile masikio yangu yalikuwa yanatafuta magonjwa ya kitabuni.

Kwa hiyo, wiki hizi ulizobakiza nyumbani, kaa na watu wazima uandike wanavyotaja maradhi. "Homa" kwa mmoja ni joto la mwili, kwa mwingine ni malaria, kwa wa tatu ni kujisikia vibaya tu. "Kichomi" ni maumivu makali ya kifua au ubavu. Mtu akisema ana presha, uliza ni ya kupanda au ya kushuka, nani alimpima na lini, kwani wapo wanaoita presha hata mapigo ya moyo kwenda mbio. Na ukisikia degedege, simama hapo hapo. Mtoto wa chini ya miaka 5 aliyepata degedege, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila anachopewa, au aliyelegea kupita kiasi ama kupoteza fahamu, haketi foleni. Dalili hizo nne zikariri hata kabla ya majina ya mifupa.

Maswali ya choo, mkojo na hedhi yanahitaji adabu. Shikamoo kwanza, pazia lifungwe, kisha "samahani mama, naomba kukuuliza". Mtu mzima akiulizwa mambo hayo kwa sauti mbele za watu atakujibu "sina tatizo", nawe utaandika hivyo.

Sasa lugha ya daftari. Maneno marefu ya kitabibu yamejengwa kwa vipande, na ukijua vipande ishirini hivi umeokoa usiku mwingi wa kukariri. Kinachoishia na "aitisi" ni uvimbe wa kiungo: apendisaitisi ni kidole tumbo kilichovimba, tonsilaitisi ni mafindofindo. "Taki" mwanzoni ni mbio, "bradi" ni polepole. "Haipa" ni juu, "haipo" ni chini, na hawa wawili huwachanganya watu hadi mwaka wa pili. Mimi hufundisha kwa Kiswahili chetu: haipoglaisemia, sukari haipo ya kutosha. Hakuna aliyeisahau.

Vifupisho vya dawa ni vichache. OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu, yaani kila baada ya saa 8. Lakini usimkabidhi mgonjwa bahasha iliyoandikwa "2 x 3" bila maelezo. Mwambie vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku, kisha akurudishie maelezo kwa maneno yake.

Hapo linaingia jambo la saa, ambalo vitabu vya kigeni haviwezi kukufundisha. Chati inaandikwa 14:00, mgonjwa anahesabu saa nane mchana. Dawa mseto ya malaria aina ya ALu ina dozi 6 kwa siku 3, na ya pili hutolewa saa 8 baada ya ya kwanza. Mama akimpa mtoto ya kwanza saa nne asubuhi, ya pili ni saa kumi na mbili jioni, na kesho yake anaendelea saa nne asubuhi na saa nne usiku. Ukimwambia "baada ya saa nane" tu, anaweza kuelewa saa nane ya mchana ule ule. Mtajie saa yenyewe.

Kwa vipimo, kitu kimoja nunua: saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Mapigo ya mtu mzima aliyetulia ni 60 hadi 100 kwa dakika, pumzi 12 hadi 20. Pumzi za mtoto hesabu dakika nzima akiwa ametulia: 50 na kuendelea kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 na kuendelea kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni kuhema haraka. Presha ipimwe mtu akiwa amekaa na kupumzika dakika 5, mkono usawa wa moyo, bila kuongea. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji.

La mwisho ni lako mwenyewe. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3, ya pili mwezi 1 baada ya ya kwanza na ya tatu miezi 6 baada ya ya kwanza, basi anza sasa. Sindano iliyotumika usiirudishie kifuniko, itupe palepale kwenye boksi la vyenye ncha kali. Ikikuchoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, toa taarifa papo hapo. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, wala zisivuke saa 72. Siku ya kwanza kituoni, uliza nani anashika funguo za kabati la dawa hizo, na usiku nani.